Operesheni ya Kifua

Aliyelitamka neno "kifua" ni mumewe, na tumtendee haki, siku ile hakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Simu iliita akiwa amejilaza nyuma ya friji la bucha, spana mdomoni, na aliyepiga ni mama yake, anataka kujua kwa nini mkwe wake hapokei simu tangu asubuhi. Fundi akatema spana. Akachungulia. Wateja walikuwa wamejipanga kwenye kaunta wakisubiri nyama yao, kimya, masikio yamewasimama. Mwanaume mzima angesemaje mbele ya watu hao kwamba mkewe yuko hospitali ya watu binafsi anaongezewa matiti?

"Amelazwa, mama. Amefanyiwa operesheni ndogo tu."

"Operesheni ya nini?"

"Ya… ya kifua."

Basi, likatoka. Kifua ni kifua, alijiambia, na matiti hayaoti mgongoni. Hakukumbuka, au alikumbuka akajitia hamnazo, kwamba katika familia yao neno hilo lina kaburi lake. Baba yake alikufa kwa kifua. Alifanya kazi kiwanda cha saruji hadi vumbi likamjaa, akamaliza miaka yake ya mwisho ameketi kitandani, kaegemea mito, akiivuta pumzi kwa shida. Ukimwambia mama yake "kifua" hawazi kiungo cha mtu, anasikia kikohozi kile.

Kisha mama akasema neno moja tu.

"Nakuja."

Mkewe alikuwa msusi, na hata nyumbani watu walimwita Msusi. Alipoletwa kutoka hospitali, mume alimpa habari pale pale mlangoni, kabla hajavua viatu.

"Mama yuko njiani. Nimemwambia ni kifua."

"Kifua gani?"

"Si hicho hicho."

Msusi akacheka, na kicheko kikamuuma mpaka akashika ukuta. Maumivu yalipopungua ndipo akaelewa, na kicheko kikakatika.

"Wewe! Kwa mama yako? Kifua?"

"Ungependa niseme nini? Niambie, ungependa niseme nini pale bucha?"

Hata Msusi mwenyewe asingekuwa na ujasiri huo. Matiti haya aliyataka mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha, na mumewe alipoambiwa alikuna kichwa tu akasema, "Mimi mbona sijalalamika?" Lakini mumewe hasimami mbele ya kioo kuanzia asubuhi hadi jioni. Msusi husimama nyuma ya mteja. Mteja akijitazama kwenye kioo, na msusi anajiona, juu ya kichwa cha mteja, tangu kidevu mpaka kiunoni. Alikuwa amenyonyesha watoto wawili, na kila siku alikitazama kifua chake kimelala ndani ya fulana huku akisuka watu wapendeze. Akaweka akiba kimya kimya. Fedha zilipotimia, akaenda.

Jambo moja tu lilimkosesha raha sasa. Mama yake mzazi alikufa angali mdogo, na huyu anayekuja, mama wa mumewe, ndiye mama pekee aliyekuwa naye duniani. Hakuwahi kumdanganya.

*

Mama huyo watu walimwita Mama Pasi kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa na kibanda cha kunyoosha nguo, na sifa yake haikuwa mikunjo ya suruali peke yake: chochote alichokikuta mfukoni mwa mteja, iwe sarafu, iwe ufunguo, iwe barua ya mapenzi, alikirudisha kimekunjwa vizuri juu ya nguo. Kwa ajili ya mkwe wake alikifunga kibanda na kuwarudishia wateja nguo zao zikiwa bado na makunyanzi, jambo lililomuuma kuliko alivyotaka kukiri. Akafika na mfuko wa nguo mkononi, na mfuko mwingine wa dawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Usiongee, utachoka."

Akaanza kuuguza. Na hapa ndipo balaa lilipojipanga, kwa sababu kila alilotazama lilimthibitishia. Daktari mpasuaji alikuwa amemwambia Msusi alale chali na mito mingi mgongoni, asijilaze ubavu. Mama Pasi alipoingia chumbani na kuiona mito ile akasimama kidogo mlangoni, kwa maana marehemu mumewe alilala vile vile. Msusi alikatazwa kuinua mikono na kubeba kitu kizito, kwa hiyo mtoto mdogo alipotaka kupakatwa, bibi yake akamvuta pembeni, "Mwache mama, hana pumzi." Na kweli Msusi alikuwa akivuta pumzi fupifupi, kwa sababu akivuta ndefu msuli ulimchoma.

Halafu kulikuwa na mkanda. Ulikuwa mpana, unapita kifuani, juu ya matiti, na kazi yake ni kuyasukuma yashuke. "Sasa hivi yatakuwa juu," daktari alimweleza. "Yatakuwa magumu, yamevimba, utayaona kama si yako. Msuli umekasirika. Usiogope. Yape miezi kadhaa, yatashuka, yatalainika, yatatulia mahali pake. Na yasiposhuka kwa pamoja usije kunipigia simu unalia. Moja linaweza kutangulia."

"Na huu mkanda?" Mama Pasi aliuliza, akiutazama ulivyojichora chini ya gauni la kulalia. "Ni wa kuzuia kikohozi kisije kikachana mshono?"

Uongo wa kwanza ulikuwa wa mumewe. Huu sasa ulikuwa unamsubiri yeye.

"Ndiyo, mama," akasema.

Jioni hiyo Mama Pasi alifungua kopo la dawa ya kuchua, ile yenye harufu ya kafuri inayokwenda moja kwa moja machoni. Kwa heshima alitazama ukutani, akapitisha mkono chini ya shingo ya gauni, juu ya mkanda, akachua. Alikuwa na mikono ya mtu wa kazi, yenye joto. Ghafla mkono ukasita.

"Kimekakamaa," akasema taratibu. "Kifua kizima kimekuwa kama meza. Hata marehemu kilianza hivi hivi."

Msusi alifumba macho. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi, atakasirika, atapiga kelele, yataisha. Lakini mkono ule ukaanza kuchua tena, polepole, na mama akawa anamwombea chini kwa chini huku ameutazama ukuta, na hakuna mtu aliyewahi kumwombea hivyo tangu azaliwe. Akanyamaza. Ukweli ni kwamba alinogewa, na jambo hilo ndilo lililomtia aibu zaidi baadaye.

Basi ikawa kila jioni dawa, na juu ya dawa kitambaa cha moto. Mafuta yakayeyuka, yakashuka chini ya mkanda pamoja na jasho, yakafika kwenye mshono ambao ulitakiwa ukae mkavu. Mchana, watoto wakiwa shule na mama mkwe yuko jikoni, Msusi alijifungia bafuni na kujitazama. La kulia lilikuwa limeanza kushuka, linaelekea kuwa titi. La kushoto lilibaki juu, limekaza, linang'aa. Alilibonyeza kwa kidole. Yatatulia, alijiambia. Daktari kasema moja linaweza kutangulia.

Wiki ya tatu la kushoto likawa na moto.

*

"Umepata homa," Mama Pasi alisema asubuhi, kiganja juu ya paji la uso la mkwe wake. "Vaa. Twende hospitali."

"Nitampigia daktari wangu, mama."

"Huyo aliyekupasua ndiye kakuacha hivi. Tunakwenda hospitali kubwa, kwa wanaojua kifua."

Msusi alimpigia mumewe. Simu ikaita mpaka ikachoka. Angeweza kugoma, lakini kugoma kungetaka sababu, na sababu ni ile ile. Akajipa moyo kwamba akifika kwa daktari atamnong'oneza. Madaktari wanajua kutunza siri za watu. Akavaa.

Kliniki ya kifua ilikuwa mwisho wa jengo, kwenye veranda yenye mabenchi marefu. Muuguzi akampa barakoa na kumwonyesha aelekee nyuma ya foleni. Msusi hakuwahi kukaa mahali pa namna ile. Watu walikohoa, na si kikohozi cha mafua. Walikohoa wakainama, wakashika magoti, wakafuta midomo kwa kitambaa na kukificha upesi. Benchi lilikuwa limejaa. Mwanaume mmoja, mwembamba hata koti lilikuwa linamning'inia, alimwona Mama Pasi akimshika mkwe wake kiunoni. Akainuka.

"Mkalishe, mama. Mimi nitasimama kidogo."

"Hapana, kaka, kaa tu," Msusi akasema.

"Kaa, dada. Naona pumzi imekubana."

Akakaa. Mwanaume yule akaegemea nguzo, na kila foleni iliposogea alisogea naye kwa hatua ndogo, akipumzika katikati. Msusi hakuthubutu kumtazama tena. Mama Pasi ndiye aliyemshukuru, mara mbili.

Zamu yao ilipofika, Msusi aliwahi kusema, "Mama, ningoje hapa," lakini Mama Pasi alikuwa ameshaingia na ameshavuta kiti. Daktari alikuwa binti mdogo, macho mekundu kwa uchovu, anaandika ya mgonjwa aliyetoka.

"Nani mgonjwa?"

"Huyu. Mimi ni mama yake."

Hakusema mama mkwe. Msusi akainamisha kichwa.

"Unakohoa?"

"Anajizuia," Mama Pasi akajibu.

"Nimemuuliza yeye, mama."

"Sikohoi sana," Msusi akasema.

"Homa?"

"Tangu leo asubuhi," akajibu Mama Pasi. "Na kifua kimekaza, na amefanyiwa operesheni ya kifua, na baba mkwe wake alikufa kwa kifua, ingawa najua hawana damu moja, nimeona nikwambie tu."

Daktari akashika kalamu yake. Nje watu walikuwa wanakohoa. "Nendeni mkapige picha kwanza," akasema. "Nikiiona picha tutaongea vizuri."

Malipo ya picha Mama Pasi aliyatoa kwenye pochi yake mwenyewe. Msusi alipotaka kufungua mkoba aliambiwa, "Hebu acha, unaniaibisha."

Ndani ya chumba cha eksrei walibaki yeye na mpiga picha, mwanaume wa makamo mwenye koti la kijani. Hatimaye Msusi akapata mtu wa kumnong'oneza.

"Kaka, mimi nimewekewa… vitu. Hapa."

"Vya chuma?"

"Hapana. Silikoni."

Mpiga picha akaitikia kama mtu aliyeambiwa huenda mvua ikanyesha. "Vua mkanda. Bana kidevu hapo. Vuta pumzi. Shikilia."

Kumbe siri ilikuwa nyepesi hivyo. Msusi aliona mwili unalegea. Sasa nitarudi kwa daktari, akapanga, nitampa picha mimi mwenyewe, mama nitamtuma maji ya kunywa. Akaanza kuvaa. Lakini mtu ambaye mikono haiinuki havai haraka. Mkanda ulikataa kufunga, blauzi ikakwama begani, akahangaika nayo huku jasho linamtoka. Na hospitali ile picha ikiwa tayari hupitishwa dirishani, anapewa aliyeleta mgonjwa.

Alipotoka, Mama Pasi alikuwa amesimama mwisho wa korido, mahali penye dirisha kubwa, ameinua filamu kwa mikono miwili kuelekea kwenye mwanga. Alijua namna ya kuishika. Miaka ya ugonjwa wa mumewe alishazishika nyingi.

Mbavu zilionekana, nyembamba, zimepangana. Na chini yake, kila upande, kulikuwa na doa kubwa jeupe la mviringo. La kushoto lilikaa juu zaidi kuliko mwenzake.

Mama Pasi hakupiga kelele. Aliishusha filamu, akaiinua tena, labda alidhani ameishika kinyume. Kisha akateleza ukutani mpaka akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto.

"Ya marehemu yalikuwa madogo kuliko haya," akasema.

"Mama…"

"Mwanangu. Mwanangu, kwa nini hamkuniambia? Mliniona sitaweza? Nimezika mmoja, ningeweza." Akaanza kulia, waziwazi, bila kujifuta. "Haya makubwa hivi! Na watoto bado wadogo!"

Watu wakasogea. Muuguzi akaja mbio na kikombe cha maji. Yule mwanaume wa koti akaacha nguzo yake, akaja naye, taratibu, akasema, "Pole mama, siku hizi kuna dawa." Msusi akatazama nyuso zile zote zilizomwonea huruma, na akaona hapana njia. Akapiga magoti, maumivu yakampiga ubavuni, akamshika mama mkono.

"Mama, hayo ni matiti."

"Nini?"

"Hayo meupe. Ni matiti, mama. Nimeongeza. Ni silikoni. Operesheni ilikuwa hiyo."

Mahali fulani kwenye benchi mtu akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. Mama Pasi hakumsikia. Alikuwa anamtazama mkwe wake usoni, kwa makini, jicho moja halafu jingine.

"Kwa hiyo hukohoi?"

"Sikohoi."

"Na mapafu?"

"Mapafu mazima, mama."

"Mungu ashukuriwe," akasema Mama Pasi, na alisema kwa moyo wake wote, Msusi aliliona hilo na halimtoki mpaka leo. Kisha akashika ukuta, akainuka mwenyewe. Akaokota filamu, akaipangusa vumbi kwa ukingo wa gauni lake, akairudisha ndani ya bahasha na kumkabidhi.

"Shika matiti yako," akasema. Akaondoka akaifuata korido, mgongo umenyooka.

*

Yaliyobaki yalikwenda haraka. Binti daktari aliitazama picha, akamtazama Msusi, akafunga mlango na kumwomba avue. Mshono wa kushoto ulikuwa mwekundu, umeanza kutoa usaha. Mpasuaji, alipofikiwa, alifoka kuhusu mafuta, akausafisha, akatoa vidonge vikali. Uchafu haukuwa umefika ndani, alisema. Lakini lile la kushoto asingeliahidi. Mwili hujenga utando kuzunguka kitu kigeni, hiyo ni kawaida. Wakati mwingine utando unakaza, unalibana, na halishuki tena. Ikiwa hivyo watafungua upya. Tusubiri.

Nyumbani, Fundi aliporudi kutoka kazini alimkuta mama yake ameketi sebuleni, mikono mapajani. Televisheni ilikuwa imezimwa.

"Baba yako alikufa kwa nini?" akamuuliza.

"Mama, mimi sikudanganya, nilisema kifua, na kweli ni—"

"Nimekuuliza, baba yako alikufa kwa nini?"

"Kifua."

"Haya. Nenda kale."

Fundi alitamani atukanwe. Alikwenda jikoni akakaa na sahani mbele yake, hakula. Baadaye alinong'ona chumbani, "Kesho atarudi kwake, utaona." Msusi alimpa kisogo.

Lakini Mama Pasi hakuondoka. Alimfuata mtoto wake mlangoni asubuhi na kumwambia kwa sauti ambayo hakujali kuificha, "Nilikuja kwa ajili ya mgonjwa, na mgonjwa yupo." Akaendelea kupika, kufua, kuwavalisha watoto. Alizungumza na watoto, akazungumza na sufuria, akazungumza na jirani dirishani. Lakini na Msusi hakuzungumza hata neno. "Mwambie mama yako vidonge viko mezani," alimwambia mtoto mkubwa, na Msusi yuko pale pale, hatua moja. "Mwambie mama yako ale kwanza." Dawa ya kuchua ilirudi mfukoni. Jioni hapakuwa na mkono wa mtu wala ombi.

Msusi alisema samahani mara nyingi. Alisema jikoni, akajibiwa na maji ya bomba. Alisema uani, kamba ya nguo ikiwa katikati yao. Alijaribu kueleza.

"Usifikiri ni mwanao kanilazimisha. Nilitaka mwenyewe, mama."

Hapo Mama Pasi aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu hospitali akamjibu yeye.

"Ya matiti ni yako. Nani kakuuliza ya matiti?" Akarudi kwenye nguo zake.

Kilichomchoma Msusi kuliko kimya hicho kilikuwa simu. Kule kwa Mama Pasi mtaa mzima ulikuwa umeambiwa, kwa nia njema, kwamba mkwe wake ana kifua. Wakawa wanapiga. Wateja wa pasi, wanakikundi cha maombi, wajane wenzake wa kiwanda. Na mwanamke yule, ambaye hakuwahi kubakiza hata kifungo cha mtu, alisimama dirishani akawajibu mmoja mmoja, chumba kakipa mgongo.

"Anaendelea… Ndiyo, kinatulia… Asante, endeleeni kumwombea."

Kila akikata simu alikaa nayo mkononi muda mrefu.

*

Siku moja akaja mzee aliyeitwa Fomeni. Alikuwa msimamizi wa zamu kiwandani enzi za marehemu, na cheo kilimganda hata baada ya kustaafu. Ilikuwa mchana. Walimsikia kabla ya kumwona: ngazi mbili, anatulia; ngazi mbili, anatulia. Mama Pasi akatoka kumpokea. Alipoingia alikaa kwenye kiti cha karibu na mlango na kuinua kidole, maana yake mnisubiri, salamu zinakuja.

"Shikamoo baba," Msusi akasema.

Kidole kikatikisika. Pumzi ikamrudia kidogo kidogo. "Marahaba, mwanangu. Pole. Shemeji kanieleza kwenye simu. Nikasema haiwezekani, nyumba moja, mara mbili." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa cha dawa ya kupuliza, kile cha kuweka mdomoni, kipya, bado kiko ndani ya karatasi yake. "Hii ya marehemu tulichelewa nayo. Wewe usichelewe. Kifua kikibana, unapuliza, unahesabu kidogo, unapuliza tena."

"Na wewe, shemeji?" Mama Pasi aliuliza.

"Mimi nimebakiwa na ile ya zamani. Inasukuma sukuma. Mwezi ujao watanipa nyingine."

Mama Pasi akakipokea kwa mikono miwili. Hakumtazama mkwe wake. Alikuwa anakitazama kichupa, kidole gumba kinapita juu ya karatasi, kinaikunjua pembe iliyojikunja, kinaikunjua tena. Mdomo ulifunguka kusema asante, na asante haikutoka. Msusi akaona kwamba mwanamke huyu atakipokea. Akikikataa atamwaibisha nani, kama si mtoto wake? Atakipokea, atamshukuru mzee, na mzee atashuka ngazi zile na kichupa chake kikuukuu, na kuanzia siku hiyo Mama Pasi hatakuwa tena yule aliyekuwa. Na aliyemfikisha hapo ni yeye.

"Baba," akasema Msusi. "Mimi sina kifua."

"Ee?"

"Sina kifua. Mapafu yangu mazima. Nimefanyiwa operesheni ya kuongeza matiti." Uso ulimwaka moto, mzee huyu alikuwa sawa na baba mkwe wake. "Mama hakujua. Sisi ndio tuliomdanganya. Yeye hajamdanganya mtu, kama amewaambia kitu ni kwa sababu yangu. Chukua dawa yako, baba. Tafadhali."

Fomeni akamgeukia Mama Pasi. "Shemeji, anasema nini?"

"Anasema kweli."

Mzee akawatazama wote wawili. Akatazama dari. Mabega yakaanza kumtikisika, na kwa muda hawakujua analia au vipi, mpaka kicheko kikatoka, kirefu, chembamba, na nyuma yake kikaja kikohozi chenyewe. Kilimkunja. Kilimnyang'anya hewa hadi midomo ikabadilika rangi. Mama Pasi alichana karatasi kwa meno, akamwekea kichupa mdomoni, akabonyeza. Msusi alimshika mzee mgongo kwa mkono wake mmoja uliokuwa na nguvu, akausikia mgongo ule ukipigana chini ya shati. Wakasubiri. Pumzi moja ikaingia, halafu nyingine.

"Basi," Fomeni akasema mwishowe, akikitia kichupa mfukoni, "hiki acha nirudi nacho."

Mama Pasi alimsindikiza mpaka chini. Alikawia. Aliporudi alifunga mlango, akasimama.

"Marehemu alinificha," akasema. Alisema na Msusi moja kwa moja, hapakuwa na mtoto wa kutumwa. "Miaka mizima. Akitoka kwa daktari namuuliza, ananiambia ni vumbi tu, litatulia. Kiwanda kizima kilikuwa kinajua. Huyu aliyetoka hapa alikuwa anajua. Mimi niliambiwa siku aliposhindwa kusimama. Nikajiambia, kwa hiyo mimi ndiye mtu wa kuambiwa mwisho." Akavuta pumzi. "Halafu na nyinyi."

"Nisamehe, mama."

Mama Pasi alikwenda bafuni, na maji yakasikika muda mrefu. Akarudi mikono imelowa, ananukia sabuni, na mkononi ana taulo safi.

"Vua nione."

Msusi akafungua vifungo. Safari hii mama hakutazama ukuta. Alitazama la kulia, akatazama la kushoto, akainama karibu kuuona mshono, akaupangusa pembeni kwa ncha ya taulo bila kuugusa.

"Hili limekaa," akasema. "Hili bado liko juu."

"Wanasema linaweza kushuka."

"Lisiposhuka?"

"Watafungua tena."

"Siku hiyo utaniambia wewe. Sitaki simu ya mwanangu, wala ya jirani. Wewe, kwa mdomo wako, kabla ya mtu mwingine."

"Nitakwambia." Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. "Kwa hiyo umenisamehe, mama?"

Mama Pasi akaokota mkanda kitandani, akaunyoosha juu ya goti lake kwa kiganja, mara mbili, mpaka usiwe na kunyanzi hata moja.

"Sijakusamehe," akasema. "Inua mkono."

Msusi akauinua, kadiri ulivyoweza kufika.